Hita Iliyokufa na Swichi Iliyoanguka Kila Alfajiri

Simu iliingia saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, chai yangu ikiwa bado inafuka mvuke. "Fundi, stima imepotea tena, na dada yangu ana sabuni kichwani." Nyuma yake nilimsikia msichana akilalamika kutoka bafuni, na sauti ya mama yao ikimjibu kwamba maji baridi hayajawahi kuua mtu.

Nyumba iko Buruburu, Nairobi, mojawapo ya zile zilizojengwa miaka ya 1970, na baadaye ikaongezwa chumba cha nyuma na varanda ya kufulia. Kwa miaka mingi ilikuwa na boksi la fyuzi za kauri, zile za kufunga kiwaya upya kila kinapoungua. Mwaka jana kijana wa nyumba, yule aliyenipigia, aliweka boksi jipya: breka sita na RCD moja, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30 inayolinda nyumba nzima. Mama alinieleza mlangoni kabla sijaweka begi chini. "Tangu walete hicho kidude hatuna amani. Zamani tulikaa na fyuzi zetu na hakuna kilichoanguka."

Kauli hiyo ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyompoteza kila fundi aliyenitangulia. Wa kwanza alilaumu shawa ya umeme, akaibadilisha. Swichi ikaendelea kuanguka. Wa pili alilaumu RCD yenyewe, akanunua nyingine River Road. Ikaanguka vilevile. Huyo wa pili hakukubali kushindwa, akapendekeza RCD iondolewe na nyaya ziunganishwe moja kwa moja. Mama alikataa, si kwa sababu ya usalama bali kwa sababu alikuwa amekwisha kulipia RCD mbili na hakutaka zikae kabatini.

Nilimwomba kijana anieleze ni lini hasa inaanguka, nikaandika. Karibu kila siku alfajiri, mtu anapooga. Jioni mara nyingine. Birika peke yake, hapana. Pasi peke yake, hapana. Birika na pasi pamoja, mara moja moja. Na mara mbili iliwahi kuanguka wakati hakuna aliyewasha chochote, wote wakiwa sebuleni wakitazama habari. Hiyo ya mwisho aliitaja kwa aibu kidogo, kama mtu anayehofia kwamba fundi atasema nyumba ina majini.

Kwa asiyejua RCD inavyofanya kazi, mfikirie kondakta wa matatu ya abiria 14 anayehesabu waliopanda na walioshuka. Umeme unatoka kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Wakitoka 14 na wakarudi 14, kondakta ananyamaza. Wakirudi pungufu, kuna aliyeruka dirishani, na njia ya dirishani kwa kawaida ni ardhi au mwili wa mtu. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, kwa hiyo mvujo wa miliampea 25 leo unaiangusha, kesho unaiacha. Kondakta huyo hajali abiria ni wa shawa au wa friji. Anahesabu tu.

Nami nilianza kwa kukosea. Nililenga shawa, ingawa fundi wa kwanza alikuwa ameshaibadilisha. Sababu yangu haikuwa ya kipuuzi: nyingi ya shawa hizi za papo kwa papo, hita yake hukaa uchi ndani ya maji yanayopita, kwa hiyo zote huvujisha kidogo, na ikiwekwa vibaya huvujisha sana. Nilitumia karibu saa nzima pale bafuni. Nilifungua, nikakaza viunganisho, nikapitisha waya wa moto na wa nyutro wa shawa kwa pamoja ndani ya mita ya koleo, aina inayosoma hadi miliampea, nikaomba maji yafunguliwe kwa muda mfupi kabla swichi haijakata. Ilisoma miliampea 4. Kwa shawa ya namna hiyo ni kidogo, na kwa RCD ya 30 si kitu. Shawa haikuwa na hatia, na fundi wa kwanza alikuwa amemuuzia Mama nyingine bila sababu.

Nikahamisha koleo kwenye waya wa ardhi, ule unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa kando ya ukuta wa nje. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuongea. Vitu vyote vikiwa vimezimwa, mkondo ulikuwa miliampea 2. Pasi ikiwashwa, ikapanda hadi 9. Pasi ikazimwa, birika likawashwa: 16. Vyote viwili kwa pamoja: 25.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya varanda na kalamu. Pasi inakula ampea 5, birika 9, vyote 14. Mvujo ulikuwa ukipanda sambamba na mzigo, bila kujali mzigo ni upi. Shawa ya ampea 21 ingefikisha 37 hivi, juu ya kikomo. Kama birika lingekuwa bovu, lingevujisha peke yake, na pasi isingekuwa na habari. Lakini hapa pasi, birika na shawa vyote vilikuwa vikivujisha kwa kipimo kilekile kwa kila ampea, na haiwezekani vitu vitatu viharibike kwa usawa namna hiyo. Ilimaanisha kwamba hakuna hata kimoja kilichoharibika. Kulikuwa na sehemu fulani ndani ya nyumba ambapo nyutro imegusana na ardhi.

Hili ni kosa lisilopendwa na mafundi kwa sababu halina cheche wala harufu. Nyutro iko karibu sana na ardhi kivolti, kwa hiyo zikigusana hakuna mlipuko. Lakini si sufuri kamili. Mzigo unapokula ampea nyingi, nyutro inapandishwa volti moja, mbili, tatu, kwa sababu waya wote hadi kwenye nguzo na transfoma una ukinzani wake. Nilipima kati ya nyutro ya soketi ya jikoni na msumari niliouchomeka udongoni, mbali na ile fimbo ya ardhi, huku birika likichemka: volti 1.3. Panapokuwa na mguso, volti hizo chache zinasukuma sehemu ya mkondo unaorudi uende ardhini badala ya kupita kwenye RCD. Kondakta anakosa abiria wake.

Hapo ndipo na kisa cha sebuleni kilipoeleweka. Nyutro ya mtaa ni ya wote. Jioni majirani wakiwasha shawa na majiko yao, nyutro inapanda hata kwako ambaye hujawasha chochote. Alfajiri hivyohivyo, Buruburu yote inaoga kwa wakati mmoja. Hakukuwa na majini.

Kijana alinikatiza. "Lakini fundi wa pili alizima breka moja moja. Alizima zote isipokuwa ya shawa, dada akafungua maji, ikaanguka. Si hiyo ndiyo inaonyesha ni shawa?" Ni swali zuri, na ndilo lililomfanya fundi yule aamini alichoamini. Breka hizi ndogo zinakata waya wa moto tu. Nyutro zote zimefungwa kwenye ukanda mmoja wa shaba na haziguswi na breka. Swichi za soketi nyingi za ukutani nazo ni hivyohivyo, zinakata moto peke yake. Unaweza kuzima breka zote na soketi zote, na kila plagi iliyochomekwa bado ina nyutro yake mkononi. Njia ya kuhakikisha ni kuchomoa.

Basi tukachomoa. Nilikaa na koleo kwenye waya wa ardhi, birika likichemka kama mzigo wangu wa kupimia, na kijana akizunguka nyumba akichomoa plagi moja baada ya nyingine na kupaza sauti. Televisheni: 16. Friji: 15. Maikrowevu: 15. Chaja, taa ya kusomea, redio ya Mama: 15. Zikaisha. Bado 15.

"Zimeisha," akasema.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Mama ndiye aliyesema kutoka jikoni, bila kugeuka: "Na ile ya kufulia?"

Ilikuwa varandani, imefunikwa leso mbili, juu yake beseni la nguo zilizokunjwa na kikapu cha vitunguu. Hakuna aliyeihesabu kwa sababu swichi ya soketi yake ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi. Kijana aliingiza mkono nyuma yake akavuta plagi. Mita ikashuka kutoka 15 hadi 1.

Ni mashine ya Kiingereza ya matangi mawili, moja la kufulia na lingine dogo la kukamua, zile ambazo unahamisha nguo kwa mkono kutoka tangi hadi tangi. Mama aliinunua mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwa familia ya wageni waliokuwa wakiuza vyombo vyao ili warudi kwao, na anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia ng'ombe aliyelipia karo. Bamba lake la nyuma linasema volti 240, hezi 50, hita kilowati 2.5. Hiyo ndiyo sababu mashine za Uingereza zimedumu huku: umeme wao wa enzi hizo na wetu ni sawa, hauhitaji transfoma.

Waya wake ulikuwa bado ule wa asili, wenye nyuzi nyekundu, nyeusi na kijani. Uingereza iliacha rangi hizo kwenye nyaya laini za vifaa karibu na mwaka wa 1970 na kuingia kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa njano, kwa hiyo mashine ilikuwa na miaka kadhaa tayari wakati Mama anainunua. Nikiwa hapo niseme jambo moja kwa wanaookota mashine kuukuu kutoka kwingine: kwenye vifaa vya Ujerumani vya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, waya mwekundu ndio wa ardhi. Ukiufunga kwenye plagi yetu kwa mazoea ya "nyekundu ni moto", umeliwasha bodi zima la mashine. Usiamini rangi. Fuata waya hadi mwisho wake.

Kabla ya kufungua mashine nilipima kwenye pini za plagi. Pini ya moto kwa pini ya ardhi, kitufe cha mashine kikiwa kimezimwa: hakuna njia kabisa. Kitufe cha hita kikiwa kimewashwa: bado hakuna kitu kibaya kinachoonekana kwa mita ya kawaida. Hapa mafundi wengi hufunga begi na kusema mashine ni nzima. Kisha pini ya nyutro kwa pini ya ardhi: ukinzani wa omu 11.

Omu 11 zilinifurahisha kuliko kama ingekuwa sufuri. Sufuri ingekuwa waya uliochubuka na kugusa bati. Omu 11 zinamaanisha kwamba kati ya nyutro na bodi kuna kitu chenye ukinzani wa namna hiyo, na kwenye mashine hii kitu cha namna hiyo ni kimoja. Hita ya kilowati 2.5 kwa volti 240 ina omu 23. Nusu yake ni 11 na ushee.

"Hita inafanya kazi?" nilimuuliza Mama.

"Hita ilikufa zamani, hata huyu kijana hajaenda sekondari. Mimi natia maji ya moto ya sufuria. Hiyo usiihangaikie, haina neno."

Hita hizi ni bomba la chuma lenye waya mwembamba wa nikeli na kromu uliosokotwa ndani, na kati ya waya na bomba kumeshindiliwa unga wa magnesia unaozuia umeme lakini unapitisha joto. Waya wa ndani ukikatika, hita haichemshi tena, na mwenye mashine anaihesabu kuwa kitu kilichokufa. Lakini vipande viwili vya waya vimebaki mle ndani, kila kimoja kimefungwa upande wake. Bomba likitoboka na maji kuingia kwenye unga, au ncha ya waya ikajikunja na kugusa bomba, kipande kimojawapo kinaungana na bodi. Hapa kilikuwa kipande cha upande wa nyutro. Kile cha upande wa moto kilibaki kikielea bila kugusa kitu, ndiyo maana vipimo vya moto na ardhi vilitoka safi, na hata kuwasha kitufe cha hita hakukuleta mshtuko wowote. Na nyutro kwenye mashine hii inakwenda moja kwa moja hadi kwenye hita. Kitufe kinakata moto tu, kama soketi, kama breka.

Kwa hiyo kwa miaka mingi umeme kidogo ulikuwa ukipita kwenye bodi ya mashine kwenda kwenye fimbo ya ardhi, usiku na mchana, mashine ikiwa imezimwa. Fyuzi za kauri hazikuwa na namna ya kuliona hilo. RCD ililiona siku ya kwanza.

Kijana aliuliza kama kulikuwa na hatari yoyote, maana miliampea 37 zilizopita kwenye waya wa ardhi hazikumgusa mtu. Nilimfanyia hesabu kwenye karatasi ya unga. Volti 1.3 kwa miliampea 16 ni omu 81. Toa 11 za mashine, zinabaki 70, ambazo ni fimbo na udongo wa Buruburu. Sasa chukua siku ambayo waya wa moto umegusa bodi ya kitu chochote, mashine hii imechomolewa, na RCD imeondolewa kama alivyoshauri yule fundi. Volti 240 gawanya kwa 70 ni ampea 3 na nusu hivi. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 haitasikia. Breka haitasikia. Bodi itakaa ikiwa na umeme hadi mtu mwenye miguu yenye maji aiguse. Na nyutro ya mtaani ikikatika, jambo ambalo si geni nyaya zinapoibwa au nguzo zinapoanguka, mguso huu wa nyutro na ardhi ungeibeba nyumba nzima: mzigo wote ungetafuta njia ya kurudi kupitia hita iliyokufa, na bodi ya mashine ingepanda volti nyingi kuliko tatu. Mama alisikiliza hayo yote kisha akaondoa kikapu cha vitunguu juu ya mashine.

Kuhusu matengenezo sina mengi. Hita ya aina ile singeipata kwenye maduka ya Luthuli wala kwingine, na sikutaka kulazimisha ya umbo jingine kwenye tundu la zamani. Kuna wanaokausha hita yenye unyevu ndani ya oveni kwa saa kadhaa, na husaidia pale unga umenyonya unyevu wa hewa tu. Hii ilikuwa imekatika, na hita iliyokatika haikaushwi. Nikaitoa kabisa. Nyaya zake mbili nikazifunga mwisho na kuzifunika. Tundu lililobaki kwenye tangi nilipeleka kipimo chake kwa mafundi wa bati wa Kamukunji, wakanikatia kibati cha chuma kisichoshika kutu, nikaweka mpira chini yake na skrubu nne. Waya wa asili ulikuwa umekauka na kupasuka karibu na plagi, nikaweka mpya. Ndani ya plagi ile ya zamani, mahali pa fyuzi, nilikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imeviringishwa vizuri kama fyuzi halisi. Mama alisema mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya stima. Nikaweka fyuzi ya ampea 5, kwa kuwa sasa ni mota tu. Kapasita ya mota nilipunguza chaji yake kwanza kabla ya kuigusa, nikaipima, ikawa nzima.

Baada ya hapo nilipima kwa mega, mita ya kuona kama umeme unavuja, ya volti 500, moto na nyutro kwa pamoja dhidi ya bodi: megaomu 6. Kwa mashine ya umri ule nilitosheka. Waya wa ardhi kutoka pini hadi bodi, chini ya nusu omu. Birika likachemka tena na koleo kwenye waya wa ardhi likasoma 1, pasi ikaongezwa, likabaki 1. Tukafungua shawa dakika kumi nzima, Mama akilalamika kwamba tokeni za stima zinaisha.

Ile hita niliondoka nayo. Nilimpigia fundi wa pili njiani, tunafahamiana, nikamweleza. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Lakini mimi nilipima moto na ardhi." Nikamwambia nami ningepima hivyohivyo kama mita isingenigombeza kwanza.

Jioni niliikata kwa msumeno kwenye jiriwa, kuanzia upande wa nyutro, sentimita chache chache. Karibu na katikati, pale bomba linapokunja kona, kulikuwa na tundu dogo kama punje ya wimbi, kutu ya kahawia imelizunguka. Unga ndani yake ulikuwa mweusi na wenye maji, na ncha ya waya ilikuwa imeyeyuka ikashikana na ukuta wa bomba. Ncha ya pili ilikuwa kama milimita tatu kutoka hapo, safi, haijagusa chochote.

Jumamosi kijana alinitumia ujumbe. Mashine inafua, inakamua, swichi haijaanguka. Mama anauliza kama ninaweza kumrudishia bomba lile, kwa sababu ni la mashine yake.